"Mtandao mbaya" si jibu

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, na najua wapo waliokuwa wakingoja niendelee na mada ya hifadhidata. Samahani, hiyo itangoja. Leo nina jambo limenikaa rohoni tangu nilipokwenda nyumbani Kipini, na nisipoliandika sasa nitalisahau, kisha nitarudia kosa lile lile.

Jambo lenyewe ni hili: tuache kusema "mtandao mbaya" kana kwamba tumejibu swali. Hatujajibu kitu. Ni sawa na mtu kwenda hospitali akasema "naumwa" na daktari akamwandikia dawa papo hapo bila kumuuliza anaumwa wapi. Dawa inaweza kufaa, lakini aghalabu utakuwa umelipia dawa ya mtu mwingine.

Ngoja niwape kisa, maana hoja bila kisa haishiki.

Kwa wasioijua, Kipini ni mji mdogo pale Mto Tana unapoingia baharini, katika kaunti ya Tana River. Unaiacha barabara ya Garsen kwenda Lamu unashuka upande wa pwani. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anaishi hapo na mama yake, na anasoma diploma katika chuo ambacho sitakitaja. Masomo karibu yote ni kwa njia ya mtandao. Hilo ndilo lililomwezesha kusoma, kwa sababu dada hana uwezo wa kumlipia chumba Mombasa. Laptopu anayotumia ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, kwa fedha za maembe ya misimu miwili.

Usiku mmoja alikuwa anafanya mtihani mdogo wa katikati ya muhula, ule wanafunzi wanauita CAT. Maswali 30, dakika 60. Dakika ya 22 alama ya waifai ikapotea. Ikarudi, ikapotea tena. Mfumo wa chuo ukamtoa nje, na alipoingia tena akaambiwa kipindi chake kimefungwa. Akapata sifuri. Akaandika barua kuomba aurudie. Jibu lilikuwa mstari mmoja: mtandao ni jukumu la mwanafunzi.

Nilipofika nyumbani hata chai sijamaliza, akaniwekea laptopu mezani. "Mjomba, wewe si mtu wa kompyuta? Haya, itazame hii kabla mama hajaiuza."

Kweli dada alikuwa anataka kuiuza.

KILA MTU NA JIBU LAKE

Kabla sijaigusa mashine, niliuliza watu wanafikiri nini. Majibu yalikuwa manne, na kila mmoja alikuwa na hakika.

Mzee jirani yetu, mwalimu mstaafu na msikilizaji mkubwa wa redio, alisema ni nyaya za baharini. Msimcheke. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilikatika kwa mpigo kusini huko baharini, na Afrika Mashariki yote ikayumba. Tangu siku hiyo kila kitu kikigoma, kosa ni la nyaya. Nami ni mmoja wa wanaoziheshimu nyaya hizo. Kabla ya mwaka 2009, SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa, Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya nje, na wanaokumbuka bei na mwendo wa wakati ule hawahitaji kuelezwa. Lakini waya wa baharini ukikatika, simu na laptopu vilivyo kwenye waifai moja vinaumia pamoja. Hapa simu ya dada ilikuwa inaendelea kucheza video huku laptopu imetoka.

Fundi mmoja wa Malindi aliyeitazama kabla yangu alisema kadi ya waifai imechoka, na huenda ni bodi nzima. Shilingi 4,500 kwa kadi, bodi tutazungumza. Hakuiwasha zaidi ya dakika kumi.

Dada alisema: "Ni umeme. Umeme ukikatika na huo mtandao unakatika."

Nikamjibu kwa ile sauti yetu sisi watu wa kompyuta, mnaijua: "La, dada. Ruta yenu iko kwenye betri ya sola. Umeme wa nyumba ukiondoka ruta haijui hata kama umeondoka. Haihusiani kabisa." Akanyamaza. Shikeni hapo, tutarudi.

Jibu la nne lilikuwa langu. Nilisema ni msongamano wa mawimbi. Waifai ya gigahezi 2.4 ina mikondo, na katika hiyo ni mitatu tu isiyoingiliana, yaani 1, 6 na 11. Ruta za majirani zikirundikana kwenye mkondo mmoja zinakanyagana. Huko Mombasa ninakoishi, kwenye ghorofa, nikifungua orodha naona mitandao 25, na kuhamisha mkondo kumenisaidia mara nyingi. Basi nikahamisha mkondo. Haikusaidia. Nikaihamisha ruta kutoka kabatini hadi dirishani. Haikusaidia. Nikaagiza ruta mpya, shilingi 3,200, ikaletwa na gari la jioni. Haikusaidia.

Siku ya tatu ndipo nikafungua orodha ya mitandao inayoonekana pale nyumbani, jambo la kwanza ambalo ningepaswa kulifanya. Ilikuwa mitatu, na mmoja wake ni wetu. Msongamano gani? Nilikuwa nimebeba ugonjwa wa ghorofa za Mombasa nikaja kuutibu Kipini.

Hapo nikaona haya kidogo. Nilimlaumu fundi wa Malindi kwa dakika zake kumi, na mimi nilitumia siku tatu kufanya yale yale kwa bei kubwa kidogo.

UMEKATIKA WAPI?

Kutoka kidole chako hadi kwenye tovuti unayoifungua kuna safari, na safari hiyo ina vipande. Kuna laptopu na kadi yake. Kuna hewa na kuta kati ya laptopu na ruta. Kuna ruta. Kuna njia kutoka ruta hadi kwa kampuni inayokuuzia intaneti. Kuna njia ya kutoka kwao hadi ulimwenguni, pamoja na nyaya za mzee jirani. Halafu kuna tovuti yenyewe, ambayo nayo inaweza kuwa imelala. Kikikatika kipande chochote, wewe kwenye kioo unaona kitu kile kile: hakuna kinachofunguka. Ndiyo maana neno "mtandao mbaya" linatutosha sote na halimsaidii yeyote.

Watu wa Kipini tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Maji ya Tana hayakuwa yakitokea hapa siku zote. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji mdogo wa Belesoni kuunganisha Tana na mto Ozi, na baadaye Tana wenyewe ukaufuata mfereji huo, ukaacha mdomo wake wa zamani. Mtu aliyekaa kwenye mdomo ule wa zamani akilalamika kwamba mto umeharibika asingejua kitu. Ilibidi aufuate mto kwenda juu mpaka aone maji yamegeukia wapi.

Namna ya kuufuata mto kwenye kompyuta ni rahisi, na haihitaji kununua kitu:

1. Tafuta anwani ya ruta yako. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, utaiona kwenye mstari wa Default Gateway. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au inayofanana na hiyo.

2. Fungua madirisha mawili ya amri. La kwanza andika ping -t kisha anwani ya ruta. La pili andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni mashine ya Google iliyo nje ya nyumba yako. Kwenye Linux acha hiyo -t, inaendelea yenyewe. Yaache yote mawili yaendelee, na uendelee na kazi zako.

3. Weka simu kando, kwenye waifai ile ile.

4. Ukikatika, tazama. Ikiwa ni dirisha la pili tu lililokwama na la kwanza linaendelea, nyumbani kwako hakuna ubaya. Tatizo liko nje, na kuizima na kuiwasha laptopu ni kujichosha. Yakikwama yote mawili na simu pia imekwama, mshuku ruta. Yakikwama yote mawili na simu inaendelea vizuri, ni laptopu yako au mahali ulipoiweka. Na yakiendelea yote mawili lakini kurasa hazifunguki, basi huenda ni huduma ya kutafsiri majina ya tovuti kuwa anwani. Hiyo ni dawa nyingine kabisa.

Kwa laptopu ya mpwa wangu, jibu lilipatikana kabla ya adhuhuri. Madirisha yote mawili yalikwama, simu ikaendelea. Mzee jirani akaondoka kwenye orodha, na ruta mpya ya shilingi 3,200 ikaondoka pia. Ilibaki mashine.

DAFTARI LA MPWA WANGU

Kujua wapi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua lini.

Nilimwomba mpwa wangu achukue daftari apige mistari: saa, chumba alichokaa, anafanya nini, laptopu iko kwenye umeme au kwenye betri. Kila ikikatika aandike. Hiyo safu ya mwisho ya umeme na betri aliiongeza yeye mwenyewe. Nilipomuuliza kwa nini, akasema: "Si mama alisema ni umeme?"

Baada ya siku mbili akaniletea. Kukatika mara 14. Mara 13 laptopu ilikuwa kwenye betri.

Nikamtazama dada. Dada hakusema kitu, akaendelea kukuna nazi. Nilistahili.

Alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Umeme ukikatika, mtandao wa laptopu ulikuwa unakatika kweli. Sababu tu ndiyo hakuijua. Alidhani umeme unaiua ruta. Kumbe umeme ukiondoka laptopu inahamia kwenye betri, na ikiwa kwenye betri inaanza kubana matumizi, na kitu kimojawapo inachokibana ni kadi ya waifai. Usiku wa mtihani umeme ulikuwa umekatika. Hakuna aliyelitaja hilo kwa sababu hapa kukatika kwa umeme si habari.

Kazi yangu ni kuandika programu, na somo hili nimefundishwa mara nyingi nikalisahau mara nyingi zaidi: mtu anayetumia kitu huwa sahihi kuhusu alichokiona, hata akikosea kuhusu sababu yake. Sisi tukisikia sababu yenye makosa tunaitupa, na tunatupa ushahidi pamoja nayo. Laiti ningemuuliza dada "unaona nini hasa, na lini?" ningeokoa siku tatu na shilingi 3,200.

Bila shaka mambo mawili kutokea pamoja hayatoshi kuwa ushahidi. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini hapa Kipini mawingu mengi hutupita yakaenda kunyesha Lamu. Kwa hiyo tulijaribu makusudi. Saa moja kwenye umeme: haikukatika hata mara moja. Tukachomoa chaja, saa moja nyingine, chumba kile kile, kazi ile ile: ikakatika mara 5. Tukairudisha chaja, ikatulia. Hapo ndipo nilipoamini.

KADI INAYOSINZIA

Inatokeaje? Waifai ina mpango wa usingizi ulioandikwa ndani yake tangu viwango vyake vya kwanza vya mwaka 1997. Kadi ikitaka kubana umeme huiambia ruta, kwa maneno yangu: "Ninasinzia. Ukiwa na mzigo wangu nihifadhie." Ruta kwa kawaida hupiga mbiu karibu mara 10 kila sekunde, na ndani ya mbiu hiyo hutaja ni nani wana mizigo inayowangoja. Kadi inatakiwa ifumbue jicho kwa wakati, isikilize, ikisikia jina lake iamke ichukue mzigo, kisha isinzie tena.

Mkielewana, mambo huenda vizuri na betri inadumu. Tatizo ni kwamba kadi imetengenezwa na kampuni moja, programu inayoiendesha imeandikwa na watu wengine, na ruta inatoka kwingine kabisa. Kadi ikichelewa kuamka mara kadhaa, ruta inaona huyu ameshaondoka, inamfuta kwenye orodha. Kadi ikishtuka inajikuta mgeni, lazima ijitambulishe upya. Kwako wewe hiyo ni nusu dakika ya kungoja. Kwa mpwa wangu ilikuwa sifuri.

Kwenye laptopu nyingi za Windows, mpango wa umeme wa kawaida huipa kadi nguvu zote ukiwa na chaja, na kuibana ukiwa kwenye betri. Kuondoa hilo, fungua Power Options kwenye Control Panel, ingia kwenye mipangilio ya ndani ya mpango unaoutumia, tafuta Wireless Adapter Settings, na upande wa betri chagua Maximum Performance. Kisha fungua Device Manager, ingia kwenye kadi yako, na kama kuna ukurasa wa Power Management ondoa ile alama inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi. Mashine nyingine hazina ukurasa huo, usihangaike.

Wenzangu wa Linux: andika iw dev ikuonyeshe jina la kadi, kisha iw dev, jina hilo, na get power_save. Ikisema on, kwenye Ubuntu tazama faili lililo katika /etc/NetworkManager/conf.d lenye neno powersave katika jina lake. Ndani yake wifi.powersave ni 3, yaani imewashwa. Iweke 2, kisha anzisha upya NetworkManager.

Betri itaisha mapema kidogo, lakini kwenye laptopu kioo kwa kawaida hula umeme kuliko kadi ya waifai. Tulipunguza mwanga wa kioo tukawa tumelipa deni.

Na ile mara moja katika 14 iliyotokea kwenye umeme? Ilitokea chumba cha nyuma. Nyumba ya dada ni ya mawe ya matumbawe, kuta nene. Ruta ilikuwa inatangaza gigahezi 2.4 na gigahezi 5 kwa jina moja, na laptopu ikifika kule nyuma ilikuwa inang'ang'ania ile ya 5, ambayo haipenyi kuta vizuri, mpaka inaidondosha. Tulizipa majina mawili, na chumba cha nyuma kikawa cha 2.4. Tulifanya hivyo siku nyingine, baada ya kuhakikisha lile la kwanza limekwisha. Ukibadilisha vitu viwili kwa mpigo na mambo yakanyooka, hutajua umshukuru yupi, na siku yakirudi hutajua uanzie wapi.

Kadi ilikuwa nzima. Bodi ilikuwa nzima. Laptopu haikuuzwa.

SASA HOJA YANGU

Najua kuna atakayesema: wewe ni mtu wa kompyuta, una wakati na unajua amri, mvuvi wa Ozi au mama muuza duka atayajulia wapi haya? Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuipita juu juu. Si haki kumtaka kila mtu awe fundi ili aweze kusoma. Lakini tazameni kilicholeta jibu. Amri za ping zilitwambia ni laptopu. Daftari la shilingi 30 lilitwambia ni betri, na aliyelijaza hakuwa mimi. Mzee jirani angeweza kulijaza. Swali la "wapi na lini" si la kitaalamu. Wavuvi wetu hawaendi baharini wakasema "bahari mbaya" wakaishia hapo. Watakwambia upepo gani, maji yamejaa au yametoka, upande gani wa mlango wa mto. Tunao utamaduni wa kutazama kwa makini. Tukifika kwenye kompyuta tunauacha nje pamoja na viatu.

Na kutotazama kuna bei. Anayeilipa ni yule asiye na ziada. Mwenye nacho akisema "mtandao mbaya" ananunua laptopu mpya. Dada yangu akisema hivyo, anauza ile aliyonayo kwa bei ya kutupa, na diploma ya mwanawe inaishia hapo.

Lakini lawama nyingine inatuangukia sisi waandishi wa programu, na hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. "Mtandao ni jukumu la mwanafunzi" ni ndugu wa "mtandao mbaya". Yote mawili yanafunga mazungumzo kabla hayajaanza. Mfumo unaomfungia mtu mtihani kwa sababu waifai yake imepotea nusu dakika haukushuka kutoka mbinguni. Kuna mtu aliyekaa akaamua kwamba kivinjari kikinyamaza, kipindi kimekwisha. Angeweza kuamua vingine: kila jibu lihifadhiwe linapojazwa, saa iendelee kuhesabiwa upande wa chuo, na mtu akirudi ndani ya muda wake aendelee alipoachia. Si kazi ngumu. Nimeiandika mwenyewe, na nakiri, nimeshaandika pia ile nyingine inayomtupa mtu nje, kwa sababu niliijaribu ofisini kwenye waya usiokatika nikaona iko sawa. Hakuna aliyenituma niijaribu kwenye betri, nyuma ya ukuta wa matumbawe, umeme umekatika. Siku hizi najituma mwenyewe, na nawaomba wenzangu mfanye hivyo. Chomoa chaja. Zima ruta katikati ya kazi uiwashe tena. Ukiona mfumo wako umekutupa nje, jua umemtupa na mtu wa Kipini.

Jambo la mwisho kuhusu ushahidi. Windows ina amri ya netsh wlan show wlanreport. Iendeshe kama msimamizi wa mashine na itakuandikia ripoti ya kila kukatika, na saa yake, kwa siku 3 zilizopita. Unaweza kuomba siku zaidi, lakini kumbukumbu za zamani hufutwa kupisha mpya. Sisi tulichelewa; za usiku wa ule mtihani zilikuwa zimeshafutwa. Kwa hiyo ukipatwa na jambo kama hilo, itoe ripoti siku hiyo hiyo uihifadhi. Huenda wasikusikilize. Lakini utakuwa umeandika "saa 2:22 usiku kadi ilitoka kwenye ruta, ikarudi baada ya nusu dakika" badala ya "mtandao ulikuwa mbaya", na barua ya kwanza ni vigumu zaidi kuijibu kwa mstari mmoja.

Sifuri ya mpwa wangu haijaondolewa. Sitaki kuwadanganya kwamba kisa kimeisha vizuri. Amefanya CAT nyingine tangu hapo. Umeme ulikatika katikati, kama kawaida yake, na ule mtihani aliumaliza kwenye betri bila kutoka hata mara moja. Alinipigia simu usiku huo kuniambia. Nyuma yake nilimsikia dada akisema kwa sauti ya kutosha nimsikie: "Mwambie ilikuwa umeme."

Ruta ya shilingi 3,200 ninayo hapa Mombasa, kwenye boksi lake. Nimeiweka juu ya meza ninapofanyia kazi niione kila siku.

Hifadhidata juma lijalo, nikijaliwa. Kwaherini kwa sasa.